Ndege ya Nikodemo na Nashoni

Makreti matatu yalifika Nyarero mwaka 1973, juu ya lori la kahawa, na wanaume sita walihitajika kuyateremsha. Efrazia alisimama mlangoni na mtoto wa tatu mgongoni, akimtazama mume wake akiyazunguka na kuyagusa pembe moja moja. Jirani mmoja aliyesaidia kubeba alijifuta jasho, akauliza ndani kuna nini.

"Ndege," Nikodemo alisema.

"Ya kufuga au ya kuchinja?"

Watu wakacheka, na Nikodemo akacheka nao. Ilibidi afungue kreti moja palepale uani, aonyeshe mbao nyembamba zilizofungwa mafungu mafungu, robota la kitambaa cheupe, makopo, misumari midogo kama ya viatu, na kitabu cha michoro; injini ilikuwa kwenye kreti lingine. Ndipo kicheko kikawaishia.

Nikodemo alikuwa seremala. Kwa miaka minane alifanya kazi kwenye uwanja mdogo wa ndege huko hifadhini Serengeti, akimtengenezea mbao na vitambaa mzungu mmoja aliyeitwa Laseni, ambaye kazi yake ilikuwa kuruka na kuhesabu nyumbu. Laseni hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alimwambia Nikodemo aketi kiti cha pembeni, siku nyingine akamwachia usukani, na mwaka wa sita akawa anamwacha aruke na kutua mwenyewe huku yeye amekunja mikono. Laseni aliagiza makreti yale kutoka kwao Ulaya ili ajijengee ndege ya mtu mmoja. Kabla hajayafungua akaitwa nyumbani moja kwa moja. Akaandika barua, akaweka sahihi, kwamba vitu vyote vilivyomo ni mali ya Nikodemo, fundi mbao, na Nashoni, fundi injini.

Nashoni alikuwa mtu wa Machochwe, ng'ambo ya Mto Mara. Yeye na Nikodemo walilala chumba kimoja kwa miaka minane, Mkatoliki na Msabato, mmoja akipumzika Jumapili na mwenzake Jumamosi, wakisema kazi ya bwana wao haikosi mtu. Kwa kuwa nyumbani kwa Nashoni hakukuwa na banda la kutosha, makreti yalikuja Nyarero. Kila mwezi Nashoni alipanda baiskeli alfajiri na kufika jioni, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Alikaa siku tatu, nne, halafu akarudi kwenye ng'ombe wake.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Nikodemo alikisoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, na mwishowe alikileta jikoni. Efrazia alikuwa amemaliza darasa la nane kwa masista, na Kiingereza alikijua kuliko wote wawili. Basi ikawa hivyo: yeye anasoma na kueleza, Nikodemo anapima na kukata. Hakuwa ameombwa kuipenda kazi ile, lakini aliipenda. Alipenda kuona mbao nyembamba zinavyopindwa na kushikana mpaka zikawa mbavu, na mbavu zikapangwa juu ya boriti moja ndefu mpaka likawa bawa.

Ukurasa mmoja ndio uliomtia hofu. Gundi ilikuwa ya unga, ya kukorogwa na maji, na kitabu kilisema isitumike ikipita mwaka mmoja tangu itengenezwe. Aligeuza kopo, akasoma tarehe. Mwaka ulikuwa umepita na miezi mitano juu yake.

Alimweleza mume wake. Nikodemo hakupuuza. Alikata vipande ishirini vya mbao, akaviunganisha viwili viwili, akaviacha siku tatu, kisha akavivunja kimoja kimoja kwa nyundo mbele yake na Nashoni.

"Tazama mama Mogesi," alisema akimpa kipande. "Imevunjika mbao. Gundi haikuachia."

Vyote kumi vilikuwa hivyo. Efrazia alivitazama, akakubali kwa mdomo. Moyoni alibaki na ile tarehe.

Mwaka uliofuata ikaja amri ya kuhamia vijijini. Kaya zilizotawanyika milimani ziliambiwa zishuke zipangwe kando ya barabara, na waliochelewa walihamishwa. Nikodemo alibomoa banda lake mwenyewe kabla halijabomolewa. Mabawa mawili, ambayo hayakuwa na kitambaa bado, yalibebwa na wanaume wa rika lake, wanane kila bawa, na kiwiliwili kikafungwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Watoto walifuata wakiimba. Watu waliokuwa wameacha migomba yao na makaburi ya baba zao walisimama kando ya njia wakatazama ndege ikivutwa na madume mawili ya ng'ombe, na kwa mara ya kwanza katika wiki ile nyuso zao zikalegea. Tangu siku hiyo ikawa ndege ya kijiji. Mwenyekiti aliwapa kiwanja cha banda bila maneno.

Kushona kitambaa kulichukua msimu mzima wa mwaka 1976. Sindano ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto. Bawa lilisimamishwa wima kati ya vigogo viwili, Efrazia akakaa upande mmoja na Nashoni upande wa pili, kwa sababu Nikodemo hakuwa na subira ya uzi. Efrazia alichoma sindano, Nashoni akaipokea bila kumwona, akaizungusha ubavu wa bawa, akairudisha. Fundo, nafasi ya vidole viwili, fundo. Walizungumza hivyo kutwa nzima, kila mmoja akisikia sauti tu. Nashoni alimweleza jinsi mtoto wake wa kwanza alivyokufa kwa surua, jambo ambalo Nikodemo alisema hakuwahi kulisikia katika miaka minane ya kulala chumba kimoja. Efrazia naye alimweleza kuhusu baba yake, aliyeondoka kwenda migodini yeye akiwa na miaka minne na hakurudi, na jinsi mama yake alivyozeeka akisikiliza kila hatua njiani.

"Ndiyo maana unaogopa, shemeji," Nashoni alisema upande wa pili.

"Nani kasema naogopa?"

"Uzi unauvuta sana."

Walipopaka ile dawa ya kukaza kitambaa, banda zima lilinukia ndizi mbivu, na mabawa yakawambika kama ngoma.

Nikodemo aliandika Dar es Salaam kuomba kibali cha kuruka. Hakujibiwa. Akaandika tena, akajibiwa kwamba shauri lake linashughulikiwa. Miaka miwili ikapita linashughulikiwa.

Mwezi wa nane mwaka 1978, baada ya mavuno, Nikodemo na Nashoni waliisukuma ndege mpaka malishoni wakafukuza ng'ombe. Kijiji chote kilikwenda. Efrazia hakwenda. Alibaki nyumbani akipembua ulezi ambao ulikuwa umeshapembuliwa, na aliposikia injini ikinguruma alizidi kupembua. Mngurumo ukapanda, ukawa mwembamba, halafu ukakatika. Ungo ulimponyoka. Alikuwa ameshafika kwenye mwembe wa jirani, bila viatu, aliposikia watu wakipiga vigelegele.

Nikodemo alirudi nyumbani akiwa na macho ya mtu aliyetoka kuoga maji baridi. "Magurudumu yaliacha ardhi," alimwambia. "Kimo cha nyumba. Kutoka mti wa kwanza mpaka kichuguu. Ungeona mishono yako, mama Mogesi. Haikutikisika."

Hakumuuliza kwa nini hakuja. Usiku mumewe alipokwisha kulala, Efrazia alihesabu watoto wao: watano, na wa sita tumboni.

Mwezi wa kumi na moja vita ikatangazwa redioni. Vijana wakaandikishwa, watu wakachimba mahandaki kando ya shule, na kila mngurumo angani uliwakimbiza kina mama mashambani. Katika siku hizohizo Nikodemo aliwaambia mkewe na Nashoni, wakiwa watatu tu bandani, kwamba mwezi wa kumi na mbili ataruka kweli. Atavuka Mto Mara, atatua Machochwe kwenye malisho ya kina Nashoni, atakunywa maziwa, atarudi.

"Subiri kibali," Nashoni alisema. "Sasa ni vita. Askari akiona kitu angani hataita jina lako kwanza."

"Nimesubiri miaka miwili."

"Basi ukiruka, mimi simo."

"Hukuwahi kuwemo," Nikodemo alisema. Lilikuwa neno la hasira, na kila mmoja bandani alilijua kuwa ni la hasira, lakini lilikuwa limeshatoka. Kesho yake Jumatatu Nashoni alipanda baiskeli yake akaondoka bila kunywa uji.

Jumatano Efrazia alikwenda kwa Mzee Kisyeri, balozi wa nyumba kumi. Alimkuta akirekebisha mpini wa jembe.

"Shikamoo, tata," Efrazia alisema, akimwita baba.

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso hivyo?"

Alimweleza yote. Alimweleza kuhusu mwezi wa kumi na mbili na Mto Mara na Machochwe. "Sitaki akamatwe," alisema. "Nataka akatazwe tu. Mkimkataza nyinyi wazee atasikia. Hata kwa miezi sita, mpaka vita iishe."

Mzee Kisyeri aliweka jembe chini. Alikuwa mtu mwema, na Efrazia alikuwa amemtegemea kwa wema huo. "Lingekuwa jambo la ng'ombe ningemwita tukazungumza," alisema. "Hili la ndege, wakati huu, nikilijua nikanyamaza, nafungwa mimi. Ungeniacha nisijue, mwanangu."

Efrazia alimwomba asahau. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akamwahidi jambo moja tu, kwamba jina lake halitatajwa. Alilitimiza.

Askari wanne walikuja Ijumaa na gari dogo. Mkubwa wao alimuuliza Nikodemo mbele ya watu: "Wewe ndiye unayetaka kuvuka Mto Mara mwezi wa kumi na mbili kwenda Machochwe?"

Efrazia alikuwa amesimama hatua kumi. Aliona mume wake akipokea swali lile, akaona anavyolizungusha kichwani, na mahali lilipotua.

Ndege haikuenea garini. Wakaagiza mashoka. Mgambo wawili wa kijijini, ambao mmoja alikuwa amebeba bawa mwaka ule wa kuhama, waliyakata mabawa vipande vipande, wakianza kwa aibu na kumaliza kwa kuzoea. Boriti ilichukua muda. Ilipopasuka, kipande kilirushwa karibu na miguu ya Efrazia, naye akainama akakiokota. Mbao ilikuwa imepasuka kando ya kiungo. Kiungo chenyewe kilikuwa kizima, hakina hata ufa wa kuingiza ukucha. Alikigeuza, akakigeuza tena. Gundi haikuachia.

Nikodemo alikaa mahabusu siku kumi na tisa. Hakupigwa, alisema, aliulizwa tu maswali yaleyale. Alirudi kwa miguu, akaoga, akala, na Efrazia akiwa ameshika kata ya maji na maneno tayari kinywani, yeye akatangulia.

"Watu watatu tulijua habari ya Machochwe," alisema. "Sikudhani Nashoni angeweza."

Hapo ndipo angesema. Hata miaka kumi baadaye angeweza kukuonyesha kigoda alichokuwa amekalia mumewe na mahali jua lilipokuwa. Maneno yalikuwa pale pale. Lakini Nikodemo alikuwa amekonda, alikuwa amerudi, alikuwa mzima, na mtoto wa sita alikuwa anacheza tumboni. Akamwagia maji ya kunawa mikono. Alijiambia atasema kesho.

Mwezi wa kwanza Nashoni alikuja. Habari zilikuwa zimemfikia, na alikuwa amefunga nyuma ya baiskeli kibuyu cha maziwa ya mgando na kuku wawili, kama mtu anayekwenda kutoa pole. Nikodemo alimkuta uani na hakumpa mkono.

"Rudi ulikotoka," alisema.

Nashoni alidhani hakusikia vizuri. "Nikodemo, nimekuja kukupa pole."

"Pole yako nimeshaipata. Askari waliileta."

Nashoni alisimama ameshika baiskeli. Polepole alielewa. Aligeuza kichwa akamtazama Efrazia, aliyekuwa mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu kiasi ambacho mtu anaweza kupokea sindano na kuirudisha. Efrazia akaingia ndani. Alijifanya anatafuta kikombe. Aliposikia mnyororo wa baiskeli ukizunguka, alikuwa bado ameinamia mtungi. Mtu aliyesafiri kutwa alikuwa anaondoka nyumbani kwake bila maji, jua likielekea kuzama, na yeye alikuwa anahesabu vikombe.

Kesho haikuja. Au ilikuja, lakini kila ilipokuja ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Nikodemo akarudi kwenye milango na madawati ya shule na majeneza. Mwaka 1980 barua ilifika kutoka Dar es Salaam, ikimtaka atume michoro ya chombo chake na apendekeze siku ya kuja mkaguzi. Aliisoma amesimama, akampa Efrazia amhakikishie kwamba ameielewa, kisha akaiweka ndani ya kitabu cha maelekezo, na kitabu akakiweka darini. Hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu. Jioni nyingine Efrazia alimkuta amekaa mlangoni pa banda tupu, akajua, jinsi mke anavyojua, kwamba wakati huo hafikirii ndege. Ndege alikuwa ameizika. Alikuwa anafikiria mtu.

Mwaka 1984 binti yao mkubwa, Mogesi, akaposwa. Siku moja asubuhi Nikodemo alikuwa akipiga randa mbao za meza ya harusi, na Efrazia akimsomea majina ya wageni aliyoyaandika. Alipofika mwisho Nikodemo alipuliza maranda juu ya ubao.

"Zamani," alisema, "ningeanza na Nashoni. Alimbeba huyu mtoto."

Akaendelea na randa. Efrazia alikunja karatasi.

"Si Nashoni aliyesema," alisema. "Ni mimi. Nilikwenda kwa Mzee Kisyeri. Nilitaka wakukataze tu."

Randa ilisimama. Nikodemo aliipindua, akaanza kutoa maranda yaliyokwama kwenye kisu chake, kwa uangalifu mwingi, mpaka ikawa safi kabisa. Efrazia alingoja apige kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele tangu miaka sita iliyopita.

"Kuhusu ndege," Nikodemo alisema hatimaye, "ningekuelewa. Ningekasirika mwaka mmoja. Zilikuwa mbao." Alinyanyua macho. "Lakini siku ile amesimama pale na kuku wake. Ulikuwa mlangoni. Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa," alisema, na neno lenyewe aliliona dogo.

"Jiandae," Nikodemo alisema. "Kesho tunakwenda Machochwe."

Walipata lori mpaka mtoni, kisha wakatembea. Njiani Nikodemo alitangulia hatua tano, na hakuzipunguza. Machochwe walimkuta Nashoni zizini, amezeeka upande wa nywele, akimpaka dawa ndama mwenye kidonda. Mkewe, Gati, alileta viti, akaleta maji, akaleta maziwa. Hakuna aliyenyimwa kitu.

Efrazia alizungumza mwenyewe. Nikodemo alitaka kumsaidia, naye akamwomba amwache. Alieleza tangu kwa Mzee Kisyeri mpaka kwenye mtungi, na hakujitetea kwa mimba wala kwa baba yake. Nashoni alisikiliza akiwa ameshika kitambaa chenye dawa ya ndama.

"Nilijua," alisema alipomaliza. "Tulikuwa watatu. Mimi sikusema. Nikodemo hakujishitaki mwenyewe. Aliyebaki ni nani?"

"Ulijua siku ileile?" Nikodemo aliuliza.

"Siku ileile, uani kwako."

"Na ukaondoka?"

"Ningesema nini? Nimwambie mtu aliyetoka mahabusu kwamba ni mkewe, watoto wanasikia?" Nashoni aliangalia mikono yake. "Nilidhani shemeji atasema mwenyewe nikishaondoka. Nilikaa nikingoja. Mwaka wa kwanza nilingoja sana. Gati anajua. Kila baiskeli iliyopita."

Nikodemo aliinama akashika kichwa. "Nisamehe," alisema. "Miaka minane tulilala chumba kimoja, na nilihitaji swali moja tu la askari."

"Nimekusamehe. Wote wawili. Mimi ni mtu wa sala." Alisema bila ugumu, na bila joto. "Ila msiniombe turudi kama zamani. Nilipatafuta hapo pa kurudia, sipaoni."

Walikula ugali na nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yao. Walizungumza habari za mvua, za sabuni iliyoadimika, za nyumbu waliokuwa wakishuka mapema mwaka ule. Nikodemo alimpa Nashoni barua ya mwaliko, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akasema tarehe ni nzuri. Walipoaga, aliwasindikiza mpaka njia panda, kama inavyompasa mwenyeji, wala si hatua moja zaidi.

Siku ya harusi Nikodemo alivaa koti asubuhi mapema akakaa upande wa uani unaotazama barabara. Watu wa Nyarero walikuja, wa Matongo wakaja, wakwe wakaja na nyimbo. Mchana Gati alifika na watoto wake wawili, amebeba kapu la ulezi kichwani. Efrazia alimkimbilia, akampokea kapu, na macho yake yakapita juu ya bega la mgeni kutafuta nyuma yake.

"Yeye je?" aliuliza.

"Amesema ng'ombe hawana mtu," Gati alijibu. Hakulisema kwa ubaya. Alikaa kitako, akanyoosha miguu iliyochoka.

Nikodemo alikuwa amesikia. Aliitazama barabara kidogo tena, kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati na kwenda kusaidia kugawa nyama.

Jioni Gati alipokuwa anajiandaa kulala kwa jirani ili kesho aanze safari, Efrazia alimletea fungu: paja zima, limefungwa kwa majani ya mgomba, na chini yake ndizi za kuchoma.

"La shemeji," alisema.

Gati alilipima uzito kwa mkono mmoja, akaliweka ndani ya kapu lake.

"Nitamfikishia," alisema. "Kama atakula, sijui."